Viti Arobaini vya Mwalimu Rosenda

Mwalimu Rosenda Tumolva alikuwa bingwa wa kuomba, na sisemi hivyo kwa kumsengenya. Tangu kimbunga kizoe viti vya darasa lake na kuvimwaga mtoni, miaka miwili iliyopita, alikuwa ameandika barua kumi na tisa: kwa mbunge, kwa wenye kiwanda cha sukari, hata kwa binti wa kijiji aliyeolewa Norway. Waliojibu walikuwa wachache, nao walimtakia baraka tu. Watoto arobaini wakaendelea kukaa kwenye magogo ya minazi, madaftari magotini.

Barua ya ishirini ndiyo iliyopata bahati. Taasisi moja ya Manila ilisema itamtuma mkaguzi Jumatatu aje ajionee. Akiridhika kwamba shida ipo, viti vitatoka. Asiporidhika, fungu litakwenda shule nyingine. Rosenda aliisoma mara tatu, akacheka peke yake jikoni mpaka paka akakimbia. Ijumaa akashuka mjini kugongewa mihuri karatasi zake, akakwama huko, maana mwenye muhuri alikuwa kwenye sherehe za mtakatifu wa kwao.

Kumbe kukiachia kijiji habari ya mgeni ni kujitafutia balaa. Watu wa Antique, jimbo letu hili la Ufilipino, watalala njaa, lakini mgeni asiuone ufukara wao. Jumatatu asubuhi Rosenda alipopanda kilima alikuta shule inameremeta. Vibendera vya karatasi, mapazia ya maua, saa ya ukutani, feni. Na viti sasa! Vya kanisani, vya majumbani, vya mbao, vya plastiki, hata kile cha kinyozi kinachozunguka. Magogo yametupwa nyuma ya migomba, na uani nguruwe mzima anageuzwa juu ya makaa.

"Mwenyekiti, mmenifanya nini?" alimuuliza Mzee Isagani, mwenyekiti wa kijiji, aliyesimama na ufagio akivuja jasho.

"Tumekusitiri, Mwalimu. Ulitaka mtu wa Manila akaseme hatuna pa kukaa?"

"Lakini ndivyo nilivyomwandikia, Mzee."

"Kuandika ni sawa. Kumwonyesha ndiyo aibu."

Papo hapo pikipiki ikaingia uwanjani. Mkaguzi, Bi Perpetua Yulo, mama wa makamo mwenye miwani mizito, akashuka akijikung'uta vumbi. Akakalishwa kwenye kiti cha kinyozi. Akalitazama feni, akaitazama saa, akawatazama watoto waliokaa wima kama wako kwenye picha ya harusi.

"Mwalimu, barua yako ilinitoa machozi," alisema taratibu. "Lakini shida yenyewe siioni. Kuna shule nyingine kwenye orodha yangu, watoto wanakaa chini kabisa." Akaanza kufunga faili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuwa anaondoka na dawa yake. Rosenda alihisi aibu ikimpanda toka unyayoni. Akisema ukweli, anawaumbua wazazi waliohangaika kwa mapenzi yote. Akinyamaza, watoto wanarudi kwenye magogo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Akageukia dirishani walikosongamana wazazi.

"Ndugu zangu, ahsanteni sana. Mungu anajua nilivyopenda. Sasa kila mtu aje achukue kiti chake."

Hakuna aliyesogea. Kila mtu alikodolea macho vidole vyake vya miguu. Kisha Bibi Pasing, ajuza wa miaka themanini mwenye ulimi usio na breki, akasukuma mlango.

"Inuka, mjukuu wangu, hicho changu. Tangu juzi nakula nimesimama kama farasi."

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikafungua njia. Mabenchi yakarudi kanisani. Feni likachomolewa. Mke wa mwenyekiti akashusha mapazia, akakiri kwamba ni shuka za kitandani kwake. Watoto wakashuka sakafuni mmoja mmoja bila kuambiwa, maana magogo yao yalikuwa bado nyuma ya migomba. Mwisho akaja kinyozi, kofia mkononi, akasimama mbele ya mgeni.

"Samahani, mama. Nina mteja saa nne."

Bi Perpetua akainuka. Akakusanya sketi yake, akakaa chini katikati ya watoto, akafungua tena faili juu ya magoti. "Haya yote mliyabeba kwa siku mbili?"

"Moja na nusu," alisema Mzee Isagani kwa unyonge. "Jumapili asubuhi tulikuwa misani."

Ndipo mama yule akaangua kicheko, miwani ikamteleza. "Kila ninakokwenda naonyeshwa shida. Nyinyi mmenificha. Watu wanaojituma hivi, viti nikiwapa vitadumu." Akaandika huku akisoma kwa sauti: "Viti arobaini, na meza zake."

Makofi yakalipuka dirishani hadi kuku wakatawanyika. Bi Perpetua akainua mkono wanyamaze, akaipekua barua ya Rosenda.

"Ngoja kwanza. Watoto arobaini, viti arobaini. Wewe unakaa wapi?"

 Katika barua zote ishirini Rosenda hakuwahi kulifikiria hilo. "Mimi nasimama tu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kimbunga," akajibu Bibi Pasing kwa niaba yake.

Mkaguzi akakata arobaini, akaandika arobaini na moja.  Rosenda akaketi sakafuni palepale, mbele ya watoto wake, akalia kwa furaha bila kujificha.