Malenge ya Kilo Tisa Imeshinda Kiamunyi

Wadau, leo programu yangu imempa mama mkwe wilbaro mpya ambayo si yake.

Yalikuwa mashindano ya wakulima hapa Kiamunyi. Mwenye malenge nzito kabisa anashinda wilbaro, toroli ya gurudumu moja. Mimi, profesa niliyesomea kwa simu, nikaandika programu ya kupanga washindi.

Binamu yangu Chebet, aliyesomea hii kazi chuoni, akanionya, "Iambie uzito ni nambari."

"Lugha yangu ya programu haina maswali ya polisi," nikamjibu. "Inaelewa tu."

Wapi! Ilichukua uzito kama maneno, ikaangalia tarakimu ya kwanza pekee. 9 inazidi 4, basi 9 ikakaa juu ya 41.

Nikatangaza kwa kipaza sauti, kifua mbele: mshindi ni mama mkwe, kilo tisa!

Mzee mmoja mkulima kutoka Ndabibi akainua malenge yake ya kilo arobaini na moja. "Kijana, hiyo kompyuta yako ina macho?"

Nikakiri kosa mbele ya watu wote. Lakini mama mkwe alishakalia wilbaro. "Mashine imesema. Wewe ni nani?"

Mzee nimempa wilbaro yangu ya nyumbani.

Saa hii namsukuma mama mkwe barabarani, malenge mapajani. Tumepumzika kidogo, amesema naenda polepole.

Chebet anachukua video. Mkiiona, msinitag.