Maji ya udhu yalivyokuwa yakiingia kisimani, kijijini kwa dada yangu Nosy Be

Salaam wakuu. Mimi ni mzee. Darasa la pili sikulimaliza, herufi nilizijua ukubwani, kwa hiyo anayetaka kusahihisha sarufi apite tu. Haya niliyaona kwa macho yangu.

Mimi ni mtu wa Mahabibo, Mahajanga, huku Madagaska, wazazi Wakomoro. Kiswahili nilikiokota kwa mabaharia bandarini. Maneno ya watu humu yalisemwa Kikomoro na Kisakalava, nawageuzia.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa fundi wa mitaro na mashimo ya maji machafu. Kazi nilijifunza mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Dada yangu Mariamu aliolewa kisiwani Nosy Be, kijiji kidogo jirani na Andilana.

Watoto wake walikuwa wanaharisha mpaka macho yanaingia ndani. Mmoja alishakufa. Walibaki Zaina na mdogo wake, aliyeachishwa ziwa karibuni. Dada akaniita.

Kufika tu nikaona.

Msikiti uko juu, kisima kiko chini. Maji ya udhu yanashuka kwa mfereji, yanapita nyuma ya nyumba, yanazoa ya kuogea na ya kuoshea samaki, yanazama mchangani karibu kabisa na kisima.

Na tusidanganyane, wakuu. Pale pale pa kutawadhia watu wanachamba.

Ijumaa baada ya sala nikasema: mfereji tuugeuze upande wa pili wa kilima, tuchimbe shimo, tulijaze mawe, mkaa na mchanga, maji yachujike yaende kwenye migomba. Leo mna majina makubwa ya kitu hicho. Sisi tuliita shimo.

Mwalimu Saidi, aliyesomesha watoto Kurani, mtu mwema, akakataa.

"Maji ya ibada huyafukii kama ya choo. Ni kuyadharau."

"Basi chota mferejini unywe, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Shemeji yangu, mume wa Mariamu, akanivuta kanzu. "Shemeji, umetoka mjini kuja kutufundisha kutawadha?"

Wiki haikuisha, yule mdogo akafa.

Kwetu maiti huoshwa juu ya ufuo, kishimo kinachochimbwa chini ya kitanda ili maji yaingie humo. Kisha kinafukiwa, mtu asije akayakanyaga.

Mwalimu Saidi alishika jembe mwenyewe, akachimba chumbani kwa dada. Kishimo kidogo, maana mtoto mwenyewe alikuwa mdogo.

Mtoto akaoshwa, mwalimu akakifukia. Alipomaliza, Mariamu alikuwa amesimama mlangoni. Hajalia bado.

"Mwalimu, maji ya mwanangu umeyafukia?"

"Nimeyafukia, binti yangu."

"Kwa kuyadharau?"

Mwalimu akatazama chini. "Kwa heshima."

"Basi na yale ya juu yafukieni kwa heshima. Nimebaki na Zaina tu."

Tukazika. Kutoka makaburini mwalimu hakwenda kwake. Alipanda msikitini na jembe lile lile, akaniuliza, "Wapi?"

Nikamwonyesha. Wanaume wakafuata mmoja mmoja, shemeji naye.

Kisima tulikiacha kwanza kijisafishe. Wanawake waliteka maji mbali mpaka masika yakapita, na hata baada ya hapo Mariamu hakumpa Zaina maji yasiyochemshwa.

Shimo lilikuwa langu na lilikuwa zuri, sioni haya kusema. Lakini mimi nilizungumza na watu wazima nikatoka mikono mitupu. Neno lililowachimbisha lilikuwa la mwanamke aliyefiwa.

Nilichojifunza: unayemtaka abadili jambo, tafuta kwanza anachokiheshimu. Mara nyingi njia iko humo humo.

Zaina alipona. Leo ni bibi, anakaa Antanimasaja, Mahajanga, na ni mkali kuliko mimi.

Haya, ninyi. Kwenu maji yakishatumika yanaelekea wapi? Usinijibu kwa kukisia. Toka nje, yafuate mpaka yanapoishia, ndipo uje uandike.