Mitungi Mikubwa ya Mwenzangu

Mwaka wa kwanza wa korona, duka la vifaa vya kuzamia liliruhusu wateja wawili tu ndani. Ndiyo maana nilisimama nje, barakoa imenibana masikio, nikimtazama kupitia kioo mwenzangu wa kuzamia akichagua mitungi ya hewa na mwanamume mwingine.

Mwenzangu alikuwa muuguzi, Mkenya kama mimi. Tulikutana kanisani mtaa wa Blacktown, huku ughaibuni. Tulijifunza kuzamia pamoja, na sikuwahi kuingia majini na mtu mwingine. Yule mwanamume alikuwa Mtanzania wa Penrith, dereva wa lori, mrefu kama mlango. Yeye tayari alikuwa na mitungi pacha ya chuma, ile mikubwa. Wanaozamia pamoja hupenda mitungi ya ukubwa mmoja, ili hewa isimwishie mmoja mapema. Kwa hiyo nilipomwona mwenzangu akiipapasa mikubwa, niliona ananichagulia mrithi.

Nilikuwa na shahada na sikuwa na kazi, basi nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu chuma. Majira ya baridi unavaa suti isiyopitisha maji, na sweta ndani yake. Hewa iliyomo humo inakuinua kama mpira. Chuma ni kizito hata mtungi ukiwa umekwisha hewa, kwa hiyo unapunguza vile vipande vya madini ya risasi unavyofunga kiunoni ili uzame. Nilijua pia kwamba kwa kimo changu kifupi, mitungi mifupi ndiyo yangu.

Yule mrefu alipotoka, nikaingia.

"Nachukua kama hiyo," nikasema.

"Hiyo? Umeijaribu mgongoni?" mwenzangu akauliza.

"Itanitosha."

Nikaivaa. Chini iligota kwenye makalio, juu ikanikandamiza kisogo, sikuweza kuinua kichwa. Nikayumba, nikakaa sakafuni pu! Yule mrefu akachungulia mlangoni.

"Mdogo wangu, hujavaa mitungi. Mitungi imekuvaa wewe!"

Mwenzangu alicheka mpaka barakoa ikamshuka. Alicheka akimtazama yeye.

Nikanunua mifupi. Mwenzangu akanunua mikubwa.

Jumapili, tukivaa suti ufukweni, nilishindwa kunyamaza.

"Leo unazamia na nani?"

"Na wewe. Nimekuja na nani kwani?"

"Sasa mikubwa yote hiyo ya nini?"

"Wee, unafikiria sana, bana. Kwani nitazamia na wewe tu maisha yangu yote?"

Alisema kwa utani, huku akinifungia zipu ya mgongoni. Nililibeba neno hilo hadi chini ya maji.

Kipimo changu cha hewa kilifika mahali tulipokubaliana kurudi. Nikampa ishara ya kidole gumba, yaani tupande juu. Akaijibu papo hapo, bila kinyongo. Lakini mkono wake ulipogeuka nikakiona kipimo chake: hewa bado tele. Tulipanda polepole, bega kwa bega, na njia nzima niliionea wivu ile hewa mgongoni mwake, iliyotosha kumfikisha mbali zaidi na mtu mwingine.