Waliosema Free State Ni Majani Tu

Siku ile nikiikumbuka, mwanangu, hujikasirikia hata leo. Nilikuwa kijana, fundi cherehani hapa hapa Doornfontein, Johannesburg, nikamtazama mke wangu usoni nikamdanganya, huku mtoto wetu akikohoa mgongoni kwake.

Sikutaka kuyasema haya, ila Jumapili iliyopita nyinyi vijana mmenitibua. Furaha, msusi wetu, alisema mbele za watu kwamba amepata kazi katika saluni moja mjini Bethlehem, jimbo la Free State. Mkaangua kicheko. "Eish, Free State! Utasuka ng'ombe?" Binti wa watu akainamisha kichwa, akasema basi, labda hataenda. Nyinyi mliocheka, nani kati yenu amewahi kufika huko? Hata mmoja! Miaka kumi mko Afrika Kusini, mnachokijua ni mitaa miwili na duka la spaza lililo chini ya ghorofa yenu.

Nawajua kwa sababu nilikuwa kama nyinyi.

Nilitoka Tanga nikiwa na cherehani kichwani, yaani akilini, maana mkononi sikuwa nayo. Kukata suti nilifundishwa hapa na mzee wa Kikongo, Papa Kabeya, mtu wa Likasi. Yeye mtu wa kanisa, mimi Mwislamu, na bado aliniita mwanawe. Mimi na mke wangu Mwanahamisi na binti yetu Rehema, wa miaka minne, tulikaa katika jengo lililokuwa kiwanda. Ghorofa moja, familia tisa, tumetenganishwa kwa mbao. Dirisha letu lilipigwa misumari kabla hatujahamia. Kuta zilitoka jasho, majiko ya mafuta ya taa yakafuka kutwa. Rehema alikuwa na pumu. Asubuhi ukimwinamia ulisikia kifua chake kinapiga filimbi.

Papa Kabeya akahamia Bethlehem kushona sare za shule. Mwezi wa tatu akanipigia simu, akaniambia nije nione kama patatufaa kuhamia. Nikapanda basi. Mwanangu, kutoka hapa hadi kule ni nchi tambarare, nyasi hadi macho yachoke, na mwezi ule kandokando ya barabara huchanua maua ya waridi na meupe ambayo hakuna aliyeyapanda. Nimeyajua hayo baadaye. Siku ile nililala njia nzima.

Papa alinipeleka nje ya mji, juu ya mwamba wa mawe ya rangi ya asali. Chini yetu kulikuwa na mahindi na alizeti, na mbali kabisa mvua ilikuwa inanyesha kwenye shamba la mtu mwingine, tunaiona inavyotembea. Mimi nilikuwa nimeinua simu nikitafuta mtandao.

"Sudi," akaniuliza, "unaona nini?"

"Majani tu, Papa."

Akanigeukia. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya hapo.

"Majani? Mutoto wako anakosa pumzi mu ile nyumba ya moshi, na weye unasema majani? Miye nimekutafutia vyumba mbili, na madirisha, na kiwanja. Kazi iko. Shule iko karibu. Unangojea nini? Unangojea bamuzike?"

Nikamwambia nitafikiri. Uongo. Nilikwisha kukata shauri. Nilikuwa nawatumia watu wa Tanga picha zangu nimesimama mbele ya maghorofa, nao wananiita Sudi wa Joburg. Ningewatumia picha gani sasa, ya mahindi?

Nikarudi. Mwanahamisi akanipokea mlangoni, mtoto mgongoni, macho yake yote ni matumaini. "Vipi, mume wangu? Papa amepata nafasi?"

"Hana nafasi," nikasema. "Labda mwakani."

Aliniamini. Akageuka kwenda kupika.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Mwezi wa saba ulikuja na baridi, watu wakazidi kuwasha majiko ndani, na asubuhi moja midomo ya Rehema ikawa ya bluu. Tulikimbia naye hospitali, tukasimama ukutani huku wakimtia hewa kwa mashine. Siku ya nne Papa Kabeya, aliyesikia habari za mtoto, akaingia wodini, amebeba blanketi zito kama yale wanayojifunika Wasotho, wenyeji wa kule. Akamfunika mtoto, akamgeukia mke wangu, bila kujua lolote kuhusu uongo wangu:

"Mama Rehema, vyumba vyenu nimevilipia hadi sasa. Tangu mwezi wa tatu ninawangojea. Kwa nini hamukuya?"

Mwanahamisi hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja: "Ulikuwa unajua?"

Nikajifanya kulinyoosha blanketi la mtoto.

Mtoto alipotoka, mama yake hakurudi Doornfontein hata kuchukua nguo. Waliondoka na Papa moja kwa moja. Nami, kwa kiburi, nikabaki na maghorofa yangu miezi miwili mizima kabla ya kuwafuata. Safari hiyo sikulala. Nilifika nikamkuta Rehema anamfukuza kuku uwanjani, anacheka, anahema, anafukuza tena. Nilishika nguzo ya uzio nikalia kama mtoto.

Pumu haikuisha, sikudanganyi. Lakini ilipungua akakua, na tuliishi kule miaka kumi na mitatu kabla ya kurudi hapa. Papa Kabeya tulimzika kule. Mke wangu alinisamehe. Ila mpaka leo nikimwambia jambo, hata dogo, huniuliza mara mbili. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo nimemlea mwenyewe.

Basi nisikilizeni. Sisemi kila mtu ahame. Free State ina baridi inayogandisha maji ndooni, ina miaka ya ukame, na wapo wa kukutazama kwa jicho baya kwa kuwa wewe ni mgeni, kama walivyo hapa. Lakini ina hewa, mwanangu! Ina jirani anayekusalimia "dumela" kabla hajakuuliza umetoka wapi. Ina miji midogo inayomhitaji fundi, msusi, muuguzi, na kumjua kwa jina. Kama kwenda hutaki, kaone kwanza, kisha ukatae kwa macho yako, si kwa midomo ya wenzako. Na ukiwa na mke, mume, mtoto, usimfungie mlango ambao wewe umeshauona uko wazi. Mimi nilifanya hivyo, na aibu yake haijaniisha.

Furaha, binti yangu, nenda. Ukikuta hakufai, rudi, mimi mwenyewe nitakupokea, na atakayecheka atakutana nami.

Mwenyezi Mungu awape vifua vyepesi na macho yaliyo macho njiani. Awape kusema kweli nyumbani mwenu hata pale inapowaaibisha. Na popote mtakapotua, watoto wenu wapate mahali pa kukimbia mpaka wachoke. Amin.