Siku Niliyopanda Gwaride na Magauni Tisa Mwilini

Najua habari hii ilishawafikia kabla yangu, na najua mnavyoitia chumvi, kwa sababu mpaka leo nikipita kule chini lazima kuna mtu atakohoa na kusema "Anti amefika," na mimi huitika. Kwa hivyo leo niacheni niisimulie mwenyewe na niyakubali yote mara moja: ndiyo, nilivuliwa nguo barabarani mchana kweupe, ndiyo, zilikuwa nguo za wanawake, na ndiyo, wenye nguo walikuwepo wakiangalia. Aibu niliipata, sikatai. Lakini kama mmekuja kunisikia nikiomba msamaha, nendeni tu mkanywe chai.

Gwaride ni ile barabara inayopanda kutoka mtoni kule Kisumu Ndogo, kwenye mabanda yetu, mpaka karibu na Olympic. Wazee wa Kinubi husema ilichongwa na babu zao, askari wa zamani wa Mwingereza waliopewa kipande cha msitu wakae, wakavunja mawe kwa mikono na kuyapanga kutoka bondeni mpaka juu, wakawa wanapanda nayo kwa mstari, kushoto kulia, ndio jina likabaki. Siku hizi mabati yameibana pande zote hata ukikutana na mkokoteni lazima mmoja wenu aingie kwa mlango wa mtu, lakini mawe yenyewe yalikuwa bado yapo, yamelainika kwa kukanyagwa, na kibanda changu cha ushonaji kilikuwa katikati ya mlima, pale anayepanda husimama kuvuta pumzi (hiyo ndiyo ilikuwa siri ya biashara yangu, mteja anahema, anainua macho, anaona kitenge). Nilikuwa nimekaa hapo miaka kumi na minne, mimi Mutua wa Kitui, nikishona nguo za akina mama, na sikuwa na mpango wa kuhama.

Sasa, mafundi mnatujua. Mteja akija namwambia "kesho," kesho yake namwambia "imebaki kifungo tu," na kumbe kitambaa hata mkasi hakijaonja. Krismasi ile ya mwaka wa uchaguzi ilinipita nikidaiwa magauni tisa, nikakesha, nikayamaliza yote, na kabla wenyewe hawajaja kuyachukua matokeo yakatangazwa na nchi ikawaka moto. Vibanda vya chini vikaungua. Cherehani niliificha kwa jirani, lakini yale magauni yalinikosesha usingizi kuliko cherehani, kwa sababu hebu fikirieni: mtu aliyesema "kesho" miaka kumi na minne, akija leo aseme "zimeungua," nani atamwamini? Wangesema nimeziuza. Jina langu lingeishia hapo na nisingeshona tena hata leso pale mlimani.

Nikaamua kuzipeleka Olympic kwa binamu yangu aliyekuwa soja, mlinzi wa geti, mahali pa nyumba za mawe. Shida ilikuwa namna ya kupita. Siku hizo ukionekana na mfuko mkubwa wewe ama ni mwizi ama unahama, na wote wawili walikuwa wananyang'anywa. Basi mimi mwenye akili nyingi nikajiambia, nguo si mzigo, nguo huvaliwa. Nikafunga mlango wa kibanda na kuanza kuvaa magauni ya wateja wangu, moja juu ya lingine, jembamba kwanza, na kwa vile mimi ni mwembamba yaliingia vizuri hata nikajisifu kidogo kwa ushonaji wangu. Mpaka la sita mambo yalikuwa sawa. La saba likagoma na suruali, nikajaribu kuchomekea, suruali ikakataa kufungika, nikaivua nikabaki na kaptula (mnisikilize vizuri hapo, niliiacha suruali kwa kibanda kwa hiari yangu). Juu ya yote nikavaa koti langu refu la baridi linalofika kwenye kifundo cha mguu. Hii ilikuwa Januari, jua la saa saba.

Hatua ishirini tu jasho likaanza kunitiririka mpaka ndani ya viatu. Nilikuwa natembea kwa miguu ya kubana, mikono imekaa mbali na mwili, na watu wakaanza kunigeukia. Nilipofika pale barabara inapopinda nikakuta vijana wameyang'oa yale mawe ya askari na kuyapanga ukuta barabara nzima, na nyuma yao umati wa watu wasio na kazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaenda kazini. Aliyesimama mbele alikuwa Ouma, kijana ambaye nilikuwa nimemtilia viraka suruali zake zote tangu akiwa darasa la nne.

"Niaje fundi. Mbona umenona hivi?" akaniuliza.

"Homa," nikasema. "Nasikia baridi."

"Baridi na unatoa jasho hivyo? Fungua koti tuone umebeba nini."

Nikajaribu kumwambia mambo ya malaria, lakini wenzake wawili walishanishika mikono, vifungo vikafunguliwa, na hapo mbele ya Gwaride nzima likatokea gauni la buluu lenye maua meupe na kola ya lesi. Ikasikika sauti ya Mama Akinyi, yule mama mnene muuza samaki wa omena ambaye akiongea Kisumu Ndogo mtu wa Laini Saba, ng'ambo ya mtaa, anageuka.

"Hiyo si nguo yangu? Fundi, si Krismasi uliniambia hujaikata?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nawaambia nilitamani yale mawe yafunguke yanimeze. Ouma akaniambia nivue, nikavua, na chini yake kulikuwa na lingine, nikavua, chini yake lingine, na kila moja likitokea mwanamke mmoja anapiga kelele kwa umati, huyu anasema "yangu hiyo," huyu anasema "kumbe ilikuwa tayari na mimi nilienda Krismasi na nguo kuukuu," na mmoja akalivaa gauni lake juu ya nguo zake hapo hapo akaniambia mkono wa kulia unambana. (Haukuwa unambana. Alikuwa amekunja mkono.) Nikaona basi, kama nimeshaaibika niaibike nikifanya kazi. Nikaanza kuita majina mwenyewe kwa sauti, nikimpa kila mtu lake mkononi, na ambaye hayupo nikimpa dada yake ama jirani yake mbele ya mashahidi. Hakuna aliyekosa. Hofu ilinitoka, hata nikamgombeza mama mmoja aliyelikunja gauni lake kama tambara.

Likabaki moja, la kitenge cha rangi ya machungwa, lenye mabega ya kupanda. Na mwenyewe hakuwepo.

"Hii ni ya nani?" Ouma akauliza.

Hapo ningeweza kudanganya. Uongo ndio uliokuwa kazi yangu ya pili, ningesema ni ya mke wangu na mambo yaishe. Lakini nilikuwa nimesimama pale kwa kaptula na gauni, nimechekwa na kila mtu ninayemjua, na nikaona sina kitu kingine cha kulinda.

"Ni ya Mama Njeri," nikasema.

Kicheko kikakatika. Mama Njeri alikuwa akiuza sukuma wiki mkabala na kibanda changu, na alikuwa amekimbilia Kawangware siku ya pili ya fujo kwa sababu ya jina lake, lililotaja kabila lake, bila kosa lingine lolote.

"Huyo alienda," Ouma akasema. "Vua uiache hapa. Tutaichoma."

"Siachi."

"Mzee, usitubebe ufala, sisi si wajinga. Wewe na watu wako mko na hao."

Ndio mambo yalivyokuwa, Mkamba huku anaambiwa ni wa kule, na kule anaambiwa ni wa huku. Hasira ikanipanda. Nikamwambia, "Ouma, hii nguo ina vipimo. Nilimpima yeye, sikukupima wewe. Kama unasema si yake, vaa. Ikikutosha nakuachia."

Nikaanza kulifungua, nikalivua, nikamnyooshea, nikabaki na kaptula na fulana iliyotoboka, na watu wote wakamgeukia Ouma na mabega yake ya kubeba simiti. Msidhani sikuwa na woga, yule kijana alikuwa na panga.

"Vaa tukuone," akasema Mama Akinyi, na gauni lake la buluu likiwa begani. "Ama umwache fundi apeleke nguo ya wenyewe."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine, na safari hii hawakuwa wananicheka mimi. Ouma akatema mate kando. "Pita," akasema. "Lakini koti inabaki. Na hiyo nguo utaenda ukiwa umeivaa, usikunje, tukuone mpaka juu."

Nikaivaa. Mama Akinyi mwenyewe akanifunga nyuma. Nikapanda juu ya yale mawe yao na kuendelea na mlima bila suruali, bila koti, mabega yamesimama, vijana nyuma yangu wakinipigia hatua, kushoto kulia, kushoto kulia, na watoto wakitoka kwa kila mlango kuangalia, na sikukimbia. Nilitembea polepole makusudi. Nilipofika kwa geti la binamu yangu akanitazama, akasema, "Ingia haraka kabla watu hawajakuona," na hapo ndipo nilipokasirika kabisa, nikamwambia wameshaniona wote, nikampita, nikashika Ngong Road kwenda Kawangware kwa miguu. Lori la askari likapunguza mwendo, mmoja akauliza, "Mama, wapi?" nikamwambia napeleka nguo kwa mteja, wakacheka wakaondoka. Vijana wa Kawangware nao walikuwa wameweka vizuizi vyao, wakitafuta watu wa kabila la akina Ouma, lakini waliponiona waliniachia njia. Nadhani walijua mwendawazimu hana kabila.

Mama Njeri nilimkuta kwa uwanja wa kanisa, ameketi juu ya godoro na wenzake. Hakucheka. Aliniangalia mimi, akaliangalia gauni, akashika pindo akaligeuza kukagua mshono kama anavyokagua mboga.

"Umeshona vizuri," akasema. "Lakini hapa siichukui."

"Mama Njeri, unajua nimetoka wapi na hii kitu?"

"Najua. Rudi nayo. Nikiichukua hapa ni kama nimehama. Nitaichukua kwa kibanda chako."

Akanitafutia suruali kwenye nguo za msaada, fupi, ya mtu mwenye kiuno kikubwa, na mimi nikarudi Gwaride nikiwa nimeishika kwa mkono mmoja na gauni kwa mkono mwingine. Sikuonewa huruma na mtu. Kwenye kibanda changu niliikuta suruali yangu lakini mlango ulikuwa umebebwa.

Funzo nililolipata ni kwamba gauni likiisha mwenyewe apigiwe simu siku hiyo hiyo, basi. Mengine yote nayasimamia, na yakitokea tena mtaniona tena nikipanda ule mlima, ila safari hiyo nitaanza na suruali.

Mama Njeri alirudi mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Wenye maneno walikuwepo, yeye akapita katikati yao mpaka kwangu, akauliza nguo yake, akaingia nyuma ya pazia akaivaa. Ilimpwaya kila mahali, mabegani, kiunoni, ungeweza kumwingiza mtu mwingine humo ndani. Miezi ile ilikuwa imemla. Nikachukua pini nikaanza kubana ubavuni ili niipunguze.

Akanishika mkono. "Toa pini, fundi," akasema. "Usiiguse. Nitaijaza."