Mlango wa Bati

Kila nikisikia harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikikaangwa, narudi kwetu Bukavu, wakati wa vita. Juu ya nyumba yetu kulikuwa na vibanda vya mbao, na papa alisema majambazi wote walitoka huko. Jioni moja, mwanamke wa huko aliyetuuzia sambaza aligonga mlango wetu wa bati kwa ngumi.

"Papa, munifungulie! Bananifuata!"

"Ni maman wa sambaza," nilisema.

"Nyamaza!" papa alisema. "Majambazi bamemutuma ili tufungue."

Papa aliegemeza mgongo mlangoni, bati likamtetemesha. Mwanamke akaanza kuniita mimi, kwa jina langu, mpaka sauti ikakatika.

Asubuhi mama alisugua damu kizingitini. Papa aliiruka akielekea ofisini.

"Sugua na huku," alisema. "Leo tuko na wageni."