Mlima wa Damu ya Mzee

Mama Brashi alipaka kuta za watu miaka thelathini, na hakuna ukuta hata mmoja aliochagua rangi mwenyewe. Mwenye nyumba akisema maziwa, ni maziwa. Akisema kijani, ni kijani. Magoti yalipoikataa ngazi, akageukia vipande vya plaiwudi, akawa anachora picha, na fundi wa fremu anamtundikia dukani. Fundi ndiye aliyempa kalenda yenye picha ya kuiga: mlima wenye theluji, majani kijani, mto katikati. Akaichora miaka minne, mpaka mkono ukawa unajichorea wenyewe huku yeye anapiga soga na bintiye.

Siku moja alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba, akainua macho. Mlima wa machimbo ulikuwa palepale ulipo siku zote, umeliwa na sululu hadi umebaki nusu, kama mkate uliotupwa na mtoto anayedeka. Jua la saa tisa lilikuwa limeupiga pale ulipokatwa. Haukuwa kijani, wala buluu ya kalenda. Ulikuwa damu ya mzee.

"Theluji mimi sijaiona," akamwambia bintiye. "Nachoraje kitu ambacho hatujasalimiana?"

Akauchora siku sita. Kitu kimoja tu kilimshinda: barabara ya malori, lile vumbi jeupe linaloshuka kutoka juu hadi chini. Kila akiipaka kwa brashi inalala laini kama utepe wa zawadi. Akaifuta, akaiacha.

Fundi wa fremu aliipokea picha kwa vidole viwili.

"Mama, huu mlima unaumwa?"

"Hauumwi. Umeliwa."

"Sasa nani atatundika kidonda sebuleni? Tia kijani. Tia na mto. Watu wanataka kupumzika."

"Wakitaka kupumzika wakalale. Usiiguse, mwanangu. Ikikukera, igeuzie ukutani."

Njiani bintiye akamsihi. "Mama, si umtilie tu kamto kadogo yaishe? Akikufungia mlango, picha zako utatundika wapi?"

"Nimepaka ya watu mpaka nikazeeka. Huu ni wangu. Na makosa yake ni yangu."

Siku ya pili yake akarudi kuitazama. Aliikuta dirishani, ndani ya fremu ya dhahabu, na katikati ya mlima pamepita mto wa buluu, rangi bado mbichi. Fundi hajawahi kuchora tangu azaliwe. Brashi aliianzisha chini akaipeleka juu, hata povu la mto likawa linatazama kileleni.

Mama Brashi akashika kiuno. "Maji ya wapi haya, yanapanda mlima kama mbuzi?"

Wateja wawili wakaangua kicheko. Fundi akasema, "Nimekusaidia tu, mama."

"Nilikuomba?"

Akatia mkono kwenye mkoba akatoa skrepa, kile kibati cha kukwangulia rangi za kuta, ambacho hakijawahi kumwacha. Akakwangua mto kuanzia kileleni hadi chini. Buluu ikatoka, na damu ya mzee kidogo ikatoka nayo, mpaka ikachungulia ile rangi nyeupe ya chini ambayo fundi yeyote wa kuta huitanguliza kabla ya rangi.

Akasimama. Akasogea nyuma hatua mbili. Ile barabara ya malori ilikuwa pale, imeparuzika, ina vumbi, kama ilivyo.

"Umeiharibu, mama," fundi akasema.

"Ndiyo kwanza imeisha. Vua fremu yako."

Akaondoka na ubao wake kwapani, upande wa picha ukitazama nje, anayepita aone.

Siku hizi brashi ndiyo inayoanza, skrepa ndiyo inayomaliza, na milima yake inatundikwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba yake, ukuta aliouchagulia rangi mwenyewe. Fundi ametuma salamu mara mbili: wale wateja wanaulizia mlima uliokwanguliwa. Amejibiwa aje kwanza nyuma ya nyumba, saa tisa, ausalimie mlima wenyewe.